Nimekubali Usomee Dawa

Olenguruone,
Tarehe 14 Juni 2025.

Mpendwa binti yangu Cherop,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye baridi. Uko mzima? Unakula? Kile kikohozi cha mwezi jana kimeisha kabisa ama unanificha? Sisi tuko sawa, Mungu ametuchunga. Mvua imekubali, viazi vimetoa maua, na goti la baba yako linamsumbua asubuhi tu.

Barua hii inaletwa na Mitchelle, yule msichana wa Mwalimu Kipketer, anakuja huko Cape Town kuanza shule. Ningepiga simu, lakini tukipiga mimi nalia, wewe unalia, na kredo inaisha kabla hatujaongea.

Sasa ile maneno ya PhD. Najua profesa wako anataka jibu mwisho wa mwezi huu, na wewe unangojea langu. Nilisema hapana, nikakataa kukwambia kwa nini. Wacha nikwambie.

Unajua kwetu anayepika dawa ya miti ndiye hupiga funda la kwanza, mgonjwa akimwangalia. Kogo wako, yaani mama yangu, hakuwahi kumpa mtu kikombe kabla ya kuonja. Siku moja, nikiwa mdogo, nilimwona akitapika mpaka akalala chini, nikajua nimebaki bila mama. Halafu wewe unaniambia utatafuta dawa mpya ya presha, ambayo hakuna mtu amewahi kuinywa! Nikajua tu utaonja wewe. Nani mwingine? Akina mama wa kanisa walifunga pamoja nami, wote wakijua Cherop anakunywa sumu huko ng'ambo.

Basi Jumanne nilishuka Nakuru kununua dawa ya goti, nikaenda kwa Unnati, kwenye kemisti ile ulifanyia mazoezi. Nikamuuliza polepole kama hawa watu wanaosomea dawa huwa wanaishi mpaka uzee. Alicheka mpaka akashika kaunta.

"Mama Cherop! Kama tungekuwa tunaonja, mimi ningekuwa nimekufa zamani, na huyu Tarun ameoa mwingine!"

Mume wake akajibu kutoka nyuma ya rafu, "Bado hujachelewa! Anza na ile chungu!"

Unnati akanieleza vizuri. Kwamba mnajaribu kwanza kwenye vitu vidogo vidogo mnavyokuza kwa visahani, na mashine ndiyo inapima. Watu wanakuja baadaye sana, wale wamekubali wenyewe, na madaktari wakiwaangalia. Na kwamba wewe unavaa glavu na miwani, na mle ndani hakuna kitu kinaingia mdomoni, hata chai. Nilikaa kwa kiti chake nikacheka, nikalia pia. Wateja walidhani nimeletewa majibu ya hospitali.

Lakini Cherop mama, siku nzima bila chai? Hiyo nayo uniambie unafanyaje.

Niliwaeleza wenzangu wa kanisa. Chepkemboi akaniuliza, "Kwa hivyo tulikaa njaa ya bure?" Nikamwambia maombi hayapotei, yatatumika kwa mtihani. Nikawapikia wote, wakala kama watu wanaodai.

Baba yako ashatangaza sokoni kwamba wewe ni daktari. Mzee Kosgei amekuja kuuliza kama utamwangalia ng'ombe wake.

Kwa hivyo usingoje tena, mwambie profesa umekubali. Hapana niliisema kwa sauti ndogo. Ndiyo niliisema jana kwa nguvu, mpaka baba yako akaniambia ninyamaze, ng'ombe anakamuliwa.

Baba yako anakusalimu, na kaka yako Kipkemoi, na Chepkemboi ambaye bado anacheka. Mungu ashike mikono yako huko unakopima, na siku moja hiyo dawa imsaidie mama wa mtu.

Wako akupendaye, na ambaye leo atalala usingizi,
Mama yako,
Rael Chelangat.