Spana ya Shemeji Haikai Mfukoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla gari halijatoka uani, maana nimejiingiza mwenyewe na pa kutokea sipaoni. Mimi magari ya zamani nayajua kuliko walioyaunda, shule niliiacha mapema kwa sababu mwalimu alikuwa ananiuliza mimi habari za injini, na marehemu shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, gari lake lilipozama kwenye tope mpaka taa, nililivuta peke yangu kwa kamba ya kuanikia nguo, akafurahi akanipa spana, mpaka leo ndiyo komeo la mlango wangu wa bafu, ina chapa ya jogoo, chuma cha zamani hakipindi.

Sasa mpwa wangu, binti yake huyo shemeji, anapeleka gari hilohilo la baba yake kwenye maonyesho ya magari ya kale, na waamuzi wanakagua mpaka mfuko wa spana ulio kwenye buti, kila kifaa kiwe kile kilichotoka na gari kiwandani. Akaniuliza, nami mbele ya ukoo mzima nikasema, "Vyote halisi, nafumba macho nakuapia!" Kumbe mfuko wenyewe sikuwa nimeufungua. Jana ndiyo nikaufungua. Ni wa turubai, una vijumba vilivyoshonwa, kila spana na chake, zote bapa, zote zina jogoo, isipokuwa moja: kipande cha bomba kilichochomelewa, kijumba kimetuna kama shavu lenye pipi. Shemeji aliitengeneza mwenyewe ili afikie nati moja iliyojificha nyuma ya injini.

Nikamnong'oneza dada, "Hii si ya gari."

"Mume wangu kaishika hii maisha yake yote, leo wewe unaniambia si ya gari? Ikitoka hiyo, na gari halitoki!"

Mpwa kasikia. "Mjomba, si uliapa?"

Nikajikohoza. Nikishikilia ukweli, dada ataona namfukuza marehemu kwenye gari lake, nikinyamaza, binti ataumbuka mbele ya watu na wataambiana baba yake alikuwa mghushi. Nifanyeje?

Mjomba Pistoni

JIBU

Mjomba Pistoni, pole, lakini ulimi wako hauna breki. Uliapia mfuko kabla ya kuufungua! Ulitaka usifiwe tu, najua, ila atakayesimama mbele ya waamuzi ni binti wa watu, wewe utakuwa umejificha kwenye umati.

Hebu isome tena barua yako. Spana zote bapa, zote zina jogoo, moja haipo. Na kwenye mlango wa bafu lako kuna nini? Mtaalamu mzima, kila siku unaoga umejifungia na jibu! Kama ulipewa au uliondoka nayo tu siku ile ya tope, sikuulizi. Na ile kamba ya nguo pia sikuulizi.

Kaitoe leo. Usiipige msasa, usiipake rangi, kutu yake iache ilivyo. Kisha toa lile bomba na ukiangalie kijumba kwa ndani: turubai iliyolaliwa na spana bapa miaka mingi hubaki na alama yake, hata bomba likija kulala juu yake baadaye. Spana yako ikilala juu ya alama hiyo sawasawa, imerudi kwao. Isipolala, kijumba kiende kitupu na mpwa aseme bila kuzungukazunguka kwamba moja imepotea. Hakuna aliyeumbuka kwa kusema hivyo.

Kwa dada yako nenda na adabu, na maneno yawe machache. Mwambie hili bomba halikuja na gari, lilikuja na mumewe. Mpe mkononi. Siku ya maonyesho apande kiti cha mbele nalo, maana gari likizima njiani, ile nati iliyojificha hakuna kingine cha kuifikia. Waamuzi watakagua buti. Mkoba wa mama haukaguliwi.

Nawe pitia dukani ununue komeo.