Alama Tatu kwenye Mpini wa Bastola ya Sherifu

Shangazi Geneva, naandika nikiwa nimejifungia gereji, na naomba unisikilize mpaka mwisho. Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na mitatu, fundi mstaafu wa mabasi ya shule hapa Tull, Nebraska, sijawahi kuandikia gazeti isipokuwa mara moja kulalamikia mbwa wa jirani, lakini sasa nimebanwa na siwezi kumwambia mke wangu Marlys, maana atanitupia lile jicho lake, na lile jicho mimi siliwezi.

Ugonjwa wangu ni bastola za kale, zile za enzi za wachunga ng'ombe, zenye silinda inayozunguka, nazinunua mnadani na sizipigi hata risasi moja, nazipaka mafuta na kuzitazama tu, na ndivyo nilivyo kwa miaka ishirini pamoja na rafiki yangu Delmar Obrecht anayeuza mbegu za mahindi, tunakwenda mnadani kwa gari moja, njiani tunagawana mkate wa nyama, halafu tukishaingia ukumbini kila mmoja anainua kibao chake cha namba kumpiku mwenzake kana kwamba hatujuani.

Machi mwaka jana ikaletwa bastola ya Sherifu Ephraim Tull mwenyewe, aliyeanzisha mji wetu na kuua wanyang'anyi watatu mbele ya benki, mpini una alama tatu zilizochongwa, moja kwa kila marehemu, na pamoja nayo barua ya uthibitisho ya mjukuu wake iliyopigwa taipureta, na dalali akapaza sauti, "Mabwana, mtaiacha historia yenu iende Texas?" basi mimi na Delmar tukapandishiana dau mpaka wengine wote wakajitoa, mwishowe Delmar akashusha kibao akasema, "Chukua, Verlyn, mshipa wa shingo umekuvimba, nisije nikakuua bure."

Tangu siku hiyo nikawa mtu, Shangazi. Meya Twyla aliniomba niiweke kwenye makumbusho ya mji, walimu wakaniita niwasimulie watoto, nikanunua kofia na kizibao cha ngozi, nikaanza kuongea polepole huku nimefinya macho, hadi siku moja mezani Marlys akaniambia, "Verlyn, nimekuomba chumvi tu, mbona unanitazama kama nimeiba farasi?" na mwezi ujao mji unatimiza miaka mia na hamsini na mimi ndiye nitakayeongoza gwaride nikiwa nimepanda farasi, ingawa farasi nawaogopa.

Basi Jumapili moja kanisani, kwenye kifungua kinywa cha chapati za maji, nimeileta bastola watu waione, akaja Bi Opal Kucera wa miaka themanini na minane, mkono mmoja ameshika sahani, akainama, akasema, "He! Si bastola ya marehemu mume wangu Emil hii?"

Nikamwambia, "Hapana, Bi Opal, hii ni ya Sherifu Tull."

"Usinifundishe, kijana. Hizo alama alizichonga kwa kisu changu cha viazi. Kila akiacha sigara, alama moja. Aliacha mara tatu."

"Na barua?"

"Barua nimepiga mimi, kwa taipureta ya kanisa. Tulikuwa tunamtania shemeji yangu wa Omaha, tukampelekea vyote viwili, naye akafa bado anaamini, masikini, watoto wake wakauza kila kitu. Tazama herufi ya r. Ile mashine r yake ilikuwa inaruka."

Nilitazama, Shangazi. Kila r ilikuwa imeruka juu ya mstari kama kiroboto. Nikamuuliza amemwambia nani, akajibu, "Nani kaniuliza?" akaenda kuongeza shira kwenye chapati zake.

Wiki iliyofuata Delmar akaja kwangu amevaa shati la kanisani, akasema tangu ule mnada hana raha, yuko tayari kunipa mara mbili ya nilicholipa, atauza zile ekari kumi na mbili za kando ya kijito alizomwahidi binti yake Janelle ajenge nyumba. Nikamuuliza, "Na Janelle?" Akasema, "Janelle atajenga kwingine. Ardhi ipo tele, bastola ya Sherifu ni moja tu." Na mkono wangu, Shangazi, ulitoka wenyewe ukashikana na wake, na Jumamosi analeta hundi. Mimi sijasema uongo, nimenyamaza tu, na yeye atafurahi maisha yake yote kama nilivyofurahi mimi, na anayejua ni Bi Opal peke yake, na umri wake nimeshakuambia. Je, nina kosa?

Verlyn Buhrman, Tull

SHANGAZI GENEVA ANAJIBU

Verlyn, majina nimeyabadilisha mimi, maana wewe uliandika mpaka namba ya nyumba. Barua yako ilinifikia Alhamisi na gazeti hili hutoka Jumatatu, kwa hiyo nilikupigia simu. Ulipokea kwa sauti ya Sherifu. Nikakwambia acha, na ukamweleze Delmar ukweli kabla ya hundi ya Jumamosi.

Kupumbazwa mnadani si dhambi, na kwa hilo nakuhurumia. Ulitaka kipande cha mji wako, ukauziwa kipande cha utani wa familia ya Kucera. Inauma. Lakini siku ulipompa Delmar mkono, wewe hukuwa tena mtu aliyepumbazwa, ulikuwa mpumbazaji. Halafu unakaa gereji unahesabu siku zilizombakia bibi wa watu! Huna haya? Bi Opal huyo anaweza kutuzika sote, na shira juu.

Ulinitii nusu. Ijumaa ulimpakia Bi Opal kwenye gari mpaka jikoni kwa Delmar, ukamwachia yeye aseme huku wewe ukitazama viatu vyako. Katika barua yako ya pili umenieleza kwamba Bi Opal alipofika kwenye habari ya sigara, Delmar alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka, akakuuliza, "Umejua lini?"

Ukasema, "Siku ya zile chapati."

"Kabla hatujapeana mikono?"

Delmar akamvalisha Bi Opal koti, akamrudisha nyumbani kwa gari lake mwenyewe, wewe akakuacha umesimama peke yako jikoni kwake. Janelle bado ana kiwanja chake, na hilo ndilo jambo jema pekee katika barua zako mbili.

Sasa unataka kumpelekea Delmar ile bastola bure, iwe zawadi. Usithubutu. Hukumkosea kwa chuma, usimlipe kwa chuma. Leo hii nenda kwa Meya Twyla umweleze yote, na gwaride liongozwe na mtu anayewapenda farasi. Wenye mnada wapelekee barua ile, uwaonyeshe r zinavyoruka, waandike ukweli kwenye vitabu vyao ili asije mwingine akauza kiwanja cha mtoto wake. Marlys mwambie kabla hajasoma gazeti, na lile jicho ulipokee kwa adabu, umelitafuta mwenyewe.

Kisha nenda kwa Delmar, bila bibi wa kukusemea na bila kitu mkononi. Akifungua mlango usimwambie ulichanganyikiwa, wala kwamba ulikuwa karibu kumwambia. Sema: "Delmar, nilijua, na nilikuwa nakuuzia." Basi. Ukishasema, nyamaza, hata akichukua dakika kumi kukujibu. Akikufungia mlango, kesho rudi useme tena.