Jogoo Mwekundu Kapanda Paa

Jumanne, 27 Mei

Mume wangu Detlef kaja na bango la maonyesho ya zimamoto ya Hannover. Jogoo mwekundu, mkubwa kuliko binti yetu Imke. Nimelibandika jikoni. Imke kalinyooshea kidole: "Koko!" Miaka miwili bado hajafikisha, kila ajualo analitangaza.

Mama mkwe hakupenda. Tangu zamani, kasema, mtu akikwambia jogoo mwekundu kapanda paa, nyumba inaungua. Sasa mnamkaribisha jikoni? Lakini hakulibandua. Babu yake, mzimamoto, alikwenda maonyesho kama haya Berlin, mwaka 1901, akarudi na nishani. Iko kabatini. Kila Krismasi anaing'arisha.

Nimemwambia tena Detlef: nataka kuingia kikosini mwao cha zimamoto. Mipira ya maji naiunga upesi kuliko yeye. Kanifundisha mwenyewe uani — nilipomshinda, mafunzo yakaisha.

Alhamisi, 29 Mei

Nimekwenda mwenyewe kwa mkuu wao, Brunkhorst. Kacheka, si kwa ubaya.

"Dada, kahawa yako tunaipenda. Moto tuachie sisi."

Nikamjibu moto hauchagui suruali na sketi. Basi, kasema, tutazungumza tukirudi kutoka Hannover. Jumapili wanakwenda wote, basi zima. Na kijiji je? Akasema kijiji kina majirani.

Sikulia. Keki ya safari yao nimeoka, ila sukari nimeibania. Nitauliza tena.

Jumapili, 1 Juni



Mchana nilikuwa naanika nepi. Imke kaonyesha ghala la mzee Tebbe, jirani yetu. "Koko! Koko!" Nikamwitikia, ndiyo mama, jogoo. Halafu nikashtuka. Jogoo wa chuma yuko juu ya kanisa. Ghala la Tebbe halina jogoo.

Moshi. Mwembamba, chini ya vigae, na ndani yake kitu chekundu.

Mtoto nikamtupia mama mkwe, nikavaa buti za Detlef, nikakimbia. King'ora nimebonyeza. Mlango wa kituo cha zimamoto umefungwa — ufunguo uko Hannover, mfukoni mwa Brunkhorst. Nikavunja dirisha kwa jiwe, nikatoa mipira. Mama Tebbe kashika mpira nyuma yangu, anasali na kutukana kwa pumzi moja. Kikosi cha kijiji cha pili kilipofika, maji yalikuwa yanalipiga paa zamani. Nyasi kavu nusu zimeteketea. Ndama wote wazima.

Basi limerudi. Detlef kaziangalia buti zake miguuni mwangu. Kisha kasema mkuu ananiita kituoni, sasa hivi. Kwa ajili ya dirisha, au kwa yale mazungumzo aliyoniahidi? Nikamuuliza, ana sura gani? Kasema haisomeki.

Nilitaka kubadili nguo. Mama mkwe kasema, "Nenda hivyo hivyo, mwanangu." Maji yanachuruzika kwenye sakafu yake, hajaniambia nifute. Kakaa mezani, Imke pajani, kabati wazi. Anaing'arisha nishani, na Krismasi iko mbali.