Anayesimama Mlangoni

Tarehe 4 Machi, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke

Mpwa wangu mpendwa,

Habari za huko? Mimi mzima, ila goti la kushoto linadai heshima yake kila nikipanda ngazi. Bado nasahihisha maandishi ya watu kiwandani kwa wachapaji, na bado nawakasirikia wasiojua pa kuweka mkato.

Video ya onyesho lenu nimeitazama mara nne. Mara ya kwanza nilicheka hadi fundi viatu wa chini akagonga dari kwa nyundo. Wewe ulikuwa karani, na mwenzako Kiraka alikuwa mzee aliyeandikwa kimakosa kwamba amekufa.

“Lete shahidi kwamba uko hai.”

“Si ndiye mimi hapa?”

“Wewe ni mhusika. Huwezi kujishuhudia.”

Kisha ukamgeukia mkuu wa wilaya, kaketi mbele na walinzi wake: “Mheshimiwa, unamtambua huyu? Usiogope, wakati wa kura ulimtambua vizuri.” Ukavua miwani yako ya karani, ukamvalisha mkuu huyo, ukampisha kiti: “Basi kaa wewe, uone foleni ilivyo.” Akakaa, akacheka kuliko wote.

Wengi wana ujasiri wa kumchokoza mkubwa. Kumchokoza, kisha kumpa nafasi ya kucheka pamoja na wenzake, nimeona kwa watu wawili tu: mama yako na wewe.

Nani anasimama mlangoni siku hizi? Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akichana tiketi mwenyewe na kumsalimia kila anayeingia, ili ajue nani wa kutaniwa na nani wa kuachwa.

Mjomba wako

---

29 Machi

Shikamoo mjomba,

Natumaini goti limetulia. Sisi wazima wa mwili.

Afadhali ungeniuliza kingine. Tangu mama afariki mwaka jana nilikuwa nasimama mlangoni mwenyewe. Jumamosi iliyopita gari liliharibika njiani, nikachelewa, nikaingia kwa mlango wa nyuma moja kwa moja jukwaani. Mstari wa pili palikuwa na mama mmoja, kiti cha pembeni kitupu, mkoba juu yake. Nikamwambia: “Mama, bwana kakukimbia, au umemweka kwenye mkoba?”

Watu walicheka. Yeye alichukua mkoba akatoka polepole, akiwaomba radhi wote aliowapita. Baadaye nikaambiwa: mumewe ndiye aliyenunua tiketi mbili. Alikuwa amezikwa Jumanne ya wiki ile.

Kiraka anasema ni ajali ya kazi. Ajali ya kazi humuumiza mfanyakazi, mjomba. Hii imemuumiza aliyekuja kupumzika. Nimefunga ukumbi. Ungekuwa hapa, ukasimama mlangoni kama ulivyomsaidia mama zamani, ningepanda tena jukwaani. Rudi. Chumba chako kipo.

Mpwa wako

---

15 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma kazini, nikaacha makosa matatu yapite kwenye kalenda ya watu.

Nikwambie jambo ambalo mama yako hakukwambia. Bwana mmoja aliingia ukumbini akichechemea. Mama yako, pale pale mlangoni, alidhani anamfanyia mzaha, maana watu walipenda kuingia kwa vituko. Akauiga mwendo wake jukwaani. Kumbe mguu ulikuwa mgonjwa kweli, katoka nao hospitali wiki ile.

Kesho yake asubuhi mama yako alikwenda nyumbani kwa bwana huyo, bila rangi za jukwaani usoni, mimi nyuma yake. Akasema: “Nimekosea. Naomba radhi.” Basi. Njiani nikamuuliza kwa nini hakueleza alivyodhani. Akasema: “Nikijieleza, atalazimika kunifariji mimi.”

Yule bwana hakuja tena. Mama yako alipanda jukwaani Jumamosi iliyofuata.

Nenda kwa huyo mama. Usimchekeshe. Habari ya kurudi tuiache kwanza.

Mjomba wako

---

20 Juni

Mpwa wangu,

Hujambo? Wiki tisa bila neno. Kama ni hasira, nitukane kwa maandishi, mikato nitakusahihishia. Mimi mzima.

Mjomba wako

---

2 Julai

Shikamoo mjomba,

Nisamehe kimya. Nilifika nje ya nyumba yake mara tatu, nikageuka mara tatu. Ya nne Kiraka akanishika mkono.

Alifungua, akatutazama. “Leo hakuna tiketi,” akasema, lakini akatupisha. Nikasema maneno ya mama, sikuongeza. Yeye akaendelea kukunja nguo. Hatimaye akasema: “Mume wangu angeucheka utani ule hadi akohoe. Mimi ndiye sikuuweza.” Halafu: “Nilitoka kabla ya mwisho. Yule mzee, walikubali kwamba yuko hai?”

Nilikumbuka onyo lako, nikasema tutamsimulia tu.

“Nani kataka kusimuliwa? Tulilipa tiketi mbili.”

Tukacheza pale sebuleni, meza ya nguo ndiyo ofisi. Akanikatiza: “Hapo unaharakisha. Acha kwanza tukuogope.” Yuko sahihi, mjomba. Alicheka mara moja tu, mahali ambapo huwa hakuna anayecheka, mzee anapotia sahihi ya kupokea cheti cha kifo chake mwenyewe. Akacheka, akakaa chini, akalia. Kiraka akamalizia kukunja nguo.

Tunafungua tarehe mbili Agosti. Saa kumi na moja nitakuwa mlangoni. Chumba chako nimekipaka rangi. Unakuja lini? Nataka jibu, usinizungushe.

Mpwa wako

---

19 Julai

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Nimefurahi kuliko ninavyojua kuandika. Nimewapenda wachekeshaji maisha yangu yote, na sijui kama nimewahi kuona ujasiri kama wa kucheza mbele ya mtu mmoja aliyekwisha kukuona ukikosea. Huyo mama msikilizeni kuhusu kuharakisha.

Habari ya kurudi sikukujibu mapema kwa sababu ulisema utapanda nikija, nikaogopa kwamba nikikataa utakaa chini moja kwa moja. Sasa unapanda bila mimi.

Watu walionitisha zamani hadi nikaondoka huko wamekufa wote, sina kisingizio. Kwa miaka mingi nilisema narudi mwakani, na nilimaanisha. Nilitaka kumwona dada yangu jukwaani mara moja zaidi, nikachelewa. Sasa kazi yangu iko hapa, na watu wa ngazi hizi wananijua kwa kikohozi. Nikija mlangoni kwenu sitamfahamu hata mmoja wa wanaoingia. Kazi ile ni ya anayewafahamu.

Chumba kitumieni kwa mavazi. Endelea kuniandikia, nami nitajibu kila barua. Sitarudi.

Mjomba wako