Picha za Kuleta Pamoja na Deki

Murusi, Kasulu
10 Novemba 2013

Mpendwa dada Ghati,

Shikamoo. Habari za Tarime, na mguu wa mamdogo unaendeleaje? Sisi wazima. Mama zamu zimemwandama hospitalini, na mvua imekolea mpaka tope jekundu linatufuata ndani.

Umeuliza ulete picha gani pamoja na deki ya video Krismasi. Nickson, unavyomjua mdogo wetu, anataka za mapigano tu. Mimi nimeona nikuandikie, maana kwenye simu maneno huwa hayanitoki.

Banda la video la hapa huonyesha picha zilizotafsiriwa. Chini ya sauti ya mtafsiri, Kiingereza bado kinasikika kidogo. Siku moja adui alikuwa anaomba asiuawe, ana watoto. Mtafsiri akasema, "Oneni lioga hili, limejikojolea." Banda zima likacheka. Mimi nilikielewa Kiingereza cha yule adui, na nilicheka.

Sasa kuna Josué, mtoto wa mama Therese, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu anayetuuzia vitenge. Jumamosi moja mwezi uliopita, mama yake alipoingia ndani kwetu, watoto wakamwita Josué wacheze. Nickson akawa steringi. Josué, kwa kuwa mgeni, akapewa uadui. Sheria yao unaijua: steringi hafi. Nickson akamnyooshea kijiti, akamwamuru alale.

Josué hakuanguka kwa mbwembwe kama wenzake. Alipiga magoti, akaweka mikono kisogoni, akalala kifudifudi kwenye tope. Nilikuwa mlangoni. Nikacheka tena, nikidhani ameigiza kuwashinda wote. Mchezo ukaisha, hakuinuka.

"We, tumemaliza bwana, amka," Nickson akamwambia. Wapi.

Mama Therese akatoka, akachuchumaa pale pale topeni, akambembeleza mwanawe kwa Kiswahili cha kwao. "Lamuka, papa. Ni batoto tu. Habana bunduki."

Akamfuta uso kwa kitenge cha kuuza, wakaondoka. Tangu hapo hawajaja. Mama anasema huenda ni mvua.

Nimerudi bandani mara moja. Watu walicheka palepale pa siku zote. Mimi nilibaki namwangalia aliyeanguka mpaka wakaonyesha kitu kingine.

Basi deki ilete, dada. Picha chagua mwenyewe, ila moja iwe ambayo Nickson na Josué wanaweza kukaa mkeka mmoja wakaiangalia, kama mama yake atakubali kumleta tena.

Mpe pole mamdogo, na mwanawe Crispin mwambie namkumbuka. Mungu awashike mkono njia nzima mpaka kwetu.

Mdogo wako anayekupenda,
Elieth