Papa, Yule Mnyama Yupo

Papa wangu, Mwalimu wa darasa la sita,

Nimemuona! Nimemuona kwa macho yangu mawili, na leo sina subira ya salamu ndefu. Yule dinosaria uliyetuchorea ubaoni, mwenye shingo kupita nyumba, yupo. Amesimama ndani ya makumbusho huku Berlin, mifupa mitupu, kichwa kinatafuta paa.

Unajua nasoma mji mwingine wa Ujerumani. Nilipata siku moja tu ya kutembea, na treni ya kurudi ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Nilianza na lile lango kubwa lenye farasi juu; kila mtu analipiga picha, nami nikapiga. Nikaenda kuona kipande cha ukuta wao maarufu. Ukuta gani, Papa! Ule wa parokia yetu unaushinda. Baridi ilinila masikio, lakini moyo haukuwa huko, nilikuwa nimebeba kesi yako.

Unakumbuka ulivyotupanga uwanjani, watoto kumi na wanane tumeshikana mikono, kutoka mlingoti wa bendera mpaka vyooni? "Musiachane! Vuta! Yote hiyo ni nyama mumoja tu!" Mimi nilikuwa mkia, nikalia kwa sababu ya harufu. Shule nzima ilicheka, nawe ukacheka kuliko wote.

Halafu Tonton Deo, mdogo wako, akaja kula kwetu Jumapili na kusikia habari hiyo. "Kaka, ule nyama alikuwa anakulaka nini? Migomba yote ya Kabare?" Akakubatiza Mwalimu Bongo, mwalimu wa uongo, na jina likatembea mtaa wetu wa Muhumba mzima. Wewe ulisema tu, "Iko mu kitabu." Kitabu chenyewe kilikuwa kimelowa mvua, kurasa zimeoza. Mwaka uliofuata hukumchora tena. Iliniuma sana, Papa, na umeondoka duniani na jina lile.

Basi nilipofika mbele yake nilipiga kelele mpaka mlinzi akageuka. Nikasoma kibao. Kaa vizuri: mifupa ilichimbwa Tanganyika, kusini kule, na watu wa huko wakaibeba kwa miguu mpaka pwani! Wewe ulidhani ni mnyama wa Wazungu, kumbe jirani. Nilicheka, halafu hasira ikanishika kidogo kwa ajili ya wale waliobeba, halafu nikamwambia, "Jambo, muzee," maana humo ndani nani mwingine angemwamkia hivyo?

Kumwona hakukunitosha, nilitaka kipimo chako. Palikuwa na watoto wa shule na mwalimu wao, mama mmoja mwenye miwani. Kwa Kijerumani changu cha kuokota nikamweleza kwamba baba yangu alikuwa mwalimu kama yeye, na jinsi alivyopima. Alinitazama, akavua miwani, akapiga makofi kuwaita watoto. Wakashikana mikono pembeni ya mifupa, nami nikatembea nahesabu kwa Kifaransa kama wewe: un, deux, trois... Walifika kumi na sita, Papa. Lakini hawa wana mikono mirefu, wamekunywa maziwa! Ukiwaweka watoto wetu, ni kumi na wanane barabara. Nilirukaruka mbele za watu, sikuona haya.

Palepale nikampigia Tonton simu ya video. Nikapitisha simu polepole kutoka kichwani mpaka mkiani.

"Eh! Eh! Yesu wangu!" Tonton akasogeza uso karibu na simu. "Zungusha tena."

Nikazungusha.

"Mutoto," akasema, na sauti haikuwa ya utani, "Kaka amekufa niko namuita Bongo."

Nilitaka kumwambia si kitu, nikajizuia. Ni kitu. Akafuta uso kwa kiganja, akasema atatafuta kasiksi, ile pombe ya ndizi ya Katana, maana kwetu mtu haombi msamaha mikono mitupu. Jumapili, misa ikiisha, atakuja kaburini kwako na kibuyu.

Mimi nimefurahi mpaka usingizi umekataa. Pumzika sasa, Papa, jina lako limesafishwa. Na Tonton akifika, mwache apige magoti kidogo kwanza, ndipo umpokee kibuyu.

Kitindamimba wako