Swali la Nne la Fomu Yako

Mpendwa binti yangu Ngalula,

Nianze na kosa langu la karibuni. Barua yako ilinifikia miezi minane iliyopita, na sikuijibu. Haikupotea njiani, wala sikuwa mgonjwa. Ilikaa mezani chini ya misale yangu, na kila nilipochukua misale kwenda kanisani niliiona. Nilijaribu kukujibu mara tatu. Mara zote tatu nilijikuta ninajitetea, na barua ya kujitetea sicho ulichoniomba. Unisamehe ukimya huo. Samahani hiyo ndiyo pekee ninayoiomba leo. Ile nyingine, iliyo kubwa zaidi, nitaifikia.

Barua hii siifungi. Nimemruhusu Mama Béa, anayekutunzia kituo chako cha mbwa, aisome, na akitaka aibandike mlangoni pa kituo. Jambo nililokufanyia nililifanya mchana, mbele za watu, kwa hiyo si haki kulikiri kwa kujificha.

Mwanangu, kabla ya mwaka ule ulikuwa ukinisimulia kila kitu. Wakumbuka siku parokia ilipotupeleka Koni, kwenye bwawa la mto Lufira, kuziona mashine za umeme? Ulivaa gauni jeupe alilokushonea marehemu mama yako. Lori lilisimama njiani, ukashuka, na kabla sijakuita ulikuwa umemchukua kinyonga kwa kijiti kutoka katikati ya barabara. Wanawake wote waliokuwa ndani ya lori walipiga kelele. Nilikukaripia kwa ajili ya gauni. Wewe ulikuwa unanieleza kwamba alitembea polepole mno, na lori lililofuata lisingemngoja. Tulipofika Koni uliniuliza kama samaki wa Lufira hupita ndani ya mashine na kutoka wazima. Nilikujibu kwamba mimi ni karani, umwulize mhandisi. Ukaenda ukamwuliza kweli. Ukarudi na jibu refu, ukanisimulia njia nzima mpaka Likasi, na mimi, ingawa sikukuonyesha, nilifurahi sana.

Wewe unaijua kazi niliyokuwa nayo, lakini watakaosoma mlangoni hawaijui. Nilikuwa karani wa afya katika kambi ya kampuni, hapa Panda. Kila mwaka, kabla ya mvua, mbwa wa kambi waliletwa nyuma ya zahanati wadungwe sindano ya kuzuia kichaa. Kila aliyedungwa niliandika habari zake katika daftari, naye alifungwa shingoni kibati chenye namba. Siku ya mwisho ikipita, nililifunga daftari. Kuanzia kesho yake, kwa siku kadhaa, mkokoteni ulipita barabara kwa barabara, na mbwa asiye na kibati alichukuliwa, asirudi. Waliokimbia walitupiwa nyama yenye sumu. Orodha ya barabara niliiandika mimi.

Niliifanya kazi hiyo kwa uangalifu. Hakuna aliyeniletea kuku ili mbwa wake aandikwe baada ya muda, nikampokea. Watu walininung'unikia na kuniheshimu, au ndivyo nilivyodhani.

Ulikuwa darasa la tano. Nilikuwa nimekataza mbwa nyumbani, nawe ulimficha mmoja kwenye mabirika ya kufulia ya zamani, mwisho wa mstari wetu wa nyumba. Ulimwita Kapenta kwa sababu alikuwa mwembamba kama samaki wale tuliowala kila Ijumaa. Mama yako alijua. Alikupa ukoko wa bukari, ugali wetu, kila jioni, akijifanya anaamini kwamba ni wa kuku wa jirani. Siku za sindano zilipofika, malaria ilikulaza. Ulipopata nafuu, daftari lilikuwa limefungwa tangu jana yake.

Ulikuja ofisini kwangu ukiwa umevaa sare ya shule, Kapenta ukimvuta kwa kipande cha kitenge. Ulieleza yote kwa utaratibu: ulivyokuwa mgonjwa, mahali mbwa anapolala, na kwamba hajawahi kumwuma mtu. Ulieleza vizuri kuliko watu wazima wengi waliosimama mbele ya meza ile. Nilikujibu kwamba daftari limefungwa.

"Lakini Papa," ulisema, "bibati bingali mingi mu meza yako."

Ilikuwa kweli. Droo ilikuwa wazi na uliviona. Sindano nazo zilikuwa zimebaki. Niliifunga droo, nikakwambia urudi nyumbani.

Sasa nitaandika jambo ambalo sijawahi kulisema, ijapokuwa wewe ulilijua. Wenye mkokoteni hawakumpata Kapenta kwa bahati. Mabirika yale hayakuwa kwenye njia yao. Jioni hiyo, chini ya orodha ya barabara, niliongeza kwa mkono wangu: mabirika ya zamani, mbwa mmoja.

Uliporudi kutoka shule siku ya pili ulikwenda kwanza kule mwisho wa mstari, kisha ukaja ukasimama mbele yangu. Hukulia. Uliniuliza kama ni mimi niliyewaambia: "Njo weye ulibaambia?" Nikajibu, "Ndiyo." Tangu siku hiyo ulinisalimu asubuhi na jioni, ulinihudumia mezani, ulinionyesha alama zako za shule, na hukunisimulia tena kitu chochote.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikuwa na njia nyingine. Mwaka uleule mama mmoja wa mstari wetu alikuwa amepiga magoti akimwombea mbwa wake, nami nilimkatalia. Ningewezaje kumchukua wake na kumwacha wa binti yangu? Hoja hiyo niliiona imenyooka, na kila ulipozungumza juu ya wanyama niliirudia moyoni. Ulipoifungua ile gereji ya zamani huko Kikula, mtaa mwingine wa Likasi, ukaanza kupokea mbwa waliotupwa na waliopigwa, watu wakiiita opital ya imbwa na kucheka, niliirudia. Uliponiomba nije siku ya kufungua kituo, niliirudia, nikabaki Panda. Ni mwaka huu tu, nikiwa peke yangu katika nyumba ya vyumba vitatu, nilipoona kasoro yake. Kama haikuwa haki kumwokoa wa kwako na kumwacha wa yule mama, vibati vilikuwepo vya kuwatosha wote wawili. Ningelifungua daftari kwa kila mtu. Jambo hilo lilikuwa rahisi, na halikunijia akilini hata mara moja.

Katika barua yako kutoka Lusaka hukunilaumu. Uliniandikia kwamba tangu uende huko kujifunza kutibu wanyama, miaka miwili sasa, mbwa wengi wa kituo wamepata nyumba isipokuwa mzee mmoja aitwaye Tantine. Hakuna anayemtaka kwa sababu amezeeka. Uliandika: "Papa, nenda umwone tu."

Katikati ya kiangazi nilikwenda, Jumapili, nikitoka Misa. Nilimkuta Mama Béa, uliyemwachia kituo, amekaa kwenye kigoda anachambua vichwa vya samaki alivyoletewa na wenzake wa zamani sokoni. Aliniangalia suti na tai. Akasema, "Papa, kanisa iko kule. Huku iko imbwa tu, na miye." Nilimwambia mimi ni nani. Akaacha kucheka, akanawa mikono, akanipeleka kwa Tantine.

Sikuwa tayari kwa nilichokiona. Wewe unamjua, lakini uvumilie nimweleze. Jicho moja limekufa. Shingoni manyoya hayaoti, kwa sababu katika depo ya madini alikotolewa walimfunga kwa waya miaka yote, na waya uliingia nyamani. Akiwa mtoto walimlisha pilipili ili awe mkali. Hakuwa mkali. Huwakaripia mbwa vijana wakigombania chakula, ndiyo maana wanamwita Tantine, yaani shangazi, kisha hurudi kwenye gunia lake akikohoa. Alininusa kiatu, akalala juu yake. Nilisimama pale muda mrefu, nisijue namna ya kuutoa mguu.

Nikaomba fomu.

Fomu hiyo umeitunga wewe, nami naona imetungwa vyema. Jina, makao, kama nyumba ina ua. Swali la nne linauliza: "Umewahi kuwa na mbwa, au kuwa na mamlaka juu ya mbwa? Alikufaje?" Nilipoyasoma maneno hayo ya mamlaka, nilijua uliyaandika ukimfikiria nani. Niliazima kalamu, nikajibu: "Nilikuwa na mamlaka juu ya mbwa wote wa kambi ya Panda. Wengi waliuawa kwa orodha zangu. Mmoja alikuwa wa binti yangu. Aliitwa Kapenta." Jina hilo sikuwahi kuliandika kabla.

Mama Béa aliisoma kwa sauti, polepole, huku wenzake wawili wanaopika na kufagia wakisikiliza. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelewa: "Papa, weye njo ulikuwa unaandika barabara za kutupa nyama ya sumu. Na leo unataka tukupatie imbwa?"

Nilimjibu kwamba ndiyo, hivyo ndivyo ilivyo.

Akanionyesha mstari wa mwisho wa fomu, uliouandika wewe pia: aliyewahi kuua mbwa kwa makusudi hapewi mbwa. Ningekuwa mimi, ningeuandika vivyo hivyo. Mmoja wa wale wenzake alinihurumia, akasema nimpigie binti yangu simu Lusaka, atakubali tu, mimi ni baba yake. Nilikataa. Nilimwambia kwamba sitaki kuingia kwa mlango ambao niliwafungia wengine. Nikachukua kofia yangu.

Mama Béa ndiye aliyenirudisha kutoka barabarani. Alisema kituo kimeshawakatalia watu kadhaa kwa mstari ule, na wengine walikuwa wakijuta kweli. Kwa hiyo kuanzia sasa, yeyote atakayejibu swali la nne bila kudanganya atakuja kufanya kazi na mbwa mpaka mwezi wa mvua ukaribie. Baadaye wao watatu watakaa na kuamua. Si mimi peke yangu, yeyote. Alitumia dakika chache kulipata jambo ambalo mimi sikulipata kwa miaka thelathini.

Basi sasa kila asubuhi natoka Panda kwenda Kikula. Napika bukari ya mbwa katika sufuria kubwa, na nimejifunza kutotia chumvi. Jumamosi tunatoka kuzungumza na watu. Sokoni Kikula tulimsimamisha kijana aliyekuwa amening'iniza mbuzi wanne kwenye pikipiki, vichwa chini, kamba zikiwakata miguu. Nilimweleza kwa adabu. Akanijibu, "Papa, zinaenda kufwa kesho. Unataka zipande taxi?" Watu wote walicheka. Nilimwambia kwamba kesho bado haijafika, na leo mbuzi wale wanaumia. Akawasha pikipiki, akaondoka kama alivyokuja. Mama Béa alisema Jumamosi ijayo tutamngoja palepale. Tulimngoja. Hajapita tena njia hiyo, na sijui kama ameona haya au amepata njia nyingine.

Hapa Panda ni pagumu zaidi kwangu. Tunapita nyumba kwa nyumba na mdunga sindano. Yule mama aliyepiga magoti mwaka ule bado yupo, katika nyumba ileile. Amezeeka kama mimi, na ana mbwa. Aliponiona langoni alisema, "Weye, kwangu hauingie," kisha akawafungulia wengine. Nilibaki nje ya lango mpaka walipomaliza. Nilimsikia akimbembeleza mbwa wake wakati wa sindano, na sauti ile niliitambua.

Ngalula mwanangu, mawingu yameanza kukusanyika juu ya Panda. Paa la gereji linavuja, unajua. Mvua za mwaka jana Tantine alikohoa mpaka walidhani wamempoteza, na Mama Béa haamini kwamba ataweza mvua nyingine akilala pale. Yeye na wenzake watakaa Jumapili ijayo baada ya Misa. Sijui watasema nini. Mama Béa ananiheshimu, lakini hajanipa dalili yoyote, na mmoja wa wale wawili alikuwa na mbwa katika kambi yetu zamani. Nilikuja kulijua hilo juzi.

Nina ombi moja. Usiwaandikie, wala usiwapigie simu. Najua unaweza, na najua neno lako lingetosha. Waache waamue kwa kuniangalia mimi nilivyo. Na kwa ajili ya Kapenta, msamaha sikuombi leo, usije ukafikiri nimeuomba ili unisaidie kumpata Tantine. Nitauomba uamuzi ukishatoka, wakati hakutakuwa na kitu ninachoweza kupata kwa kuuomba.

Siku hiyohiyo ya Jumapili nitakaa kukuandikia. Wakisema ndiyo, nitakueleza alivyoingia nyumbani na chumba alichokichagua. Wakisema hapana, nitakuandikia hapana, na Jumatatu asubuhi nitakwenda kuwapikia mbwa bukari kama kawaida.

Mimi, baba yako.